Macho ya Hibo

Siku ya chai ya kuniaga, wenzangu wa wodi ya watoto wachanga waliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu thelathini na moja ya uuguzi hapa Garissa, ili wanaoanza kazi wasome. Nadhani walitaka yale ya kuchekesha. Yapo. Vyeo na mishahara nitaviacha, havijawahi kumponya mtoto. Lakini karatasi hii nimeianza mara tatu, na kila nikifika kwa mtoto mmoja naweka kalamu chini. Leo nitapita naye mpaka mwisho.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vipya vilivyonibana, nikaingia kwenye chumba kidogo pembeni ya wodi ya wazazi. Tulikiita nasari. Kulikuwa na mashine mbili za kuwatia joto watoto. Moja ilifanya kazi, nyingine ilihifadhi mablanketi na chupa ya chai ya matroni. Mwenye chumba alikuwa Sista Mwikali, mama mfupi wa Kitui, mkavu wa maneno. Hakunisalimu. Aliniwekea mtoto mikononi, mdogo kama njiwa, nami nikamshika kwa ncha za vidole.

"Mshike," akasema. "Yeye hatavunjika. Utakayevunjika ni wewe."

Karibu kila nilichojua nilikipata kwake. Alinifundisha kumgusa mtoto kwa mgongo wa mkono, kwanza nyayo, halafu tumbo. Nyayo baridi na tumbo moto, mfunike. Vyote baridi, kimbia. Wageni hucheka wakisikia tunapigana na baridi Garissa. Mtoto asiyefika kilo moja hajui kwamba yuko Garissa. Feni na shuka mbichi vinatosha kumuua. Alinifundisha kupima mrija wa kulishia, kutoka puani hadi sikioni, kisha hadi chini ya kifua, na kuyaacha maziwa yashuke yenyewe bila kuyasukuma. Alinifundisha kumfunga mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kazi ambayo mashine nyingi huiiga tu. Na kila mtoto aliporuhusiwa, Sista alikaa na mama na kumwambia yote, hata kama mama alikuwa na haraka. "Mama asijue kidogo kuliko wewe," alikuwa akisema. Mimi ndiye niliyemtafsiria kwa Kisomali, kwa hiyo siwezi kusema sikusikia.

Sisi Wasomali tuna neno moja, dhicis, kwa mimba iliyotoka na kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Kwa hiyo familia nyingi zilifika zikiwa zimekwisha kulia. Miaka ile hazikukosea sana. Kitabu chetu kilikuwa na nafasi mbili mwishoni mwa mstari: ameruhusiwa, amefariki. Ya pili ndiyo iliyojaa. Hakukuwa na nafasi ya tatu ya kuandika mtoto alivyo akiwa na miaka miwili, na mimi sikuwahi kuuliza kwa nini.

Sista Mwikali alistaafu akarudi kwao, nami nikabaki na chumba. Baadaye tukapata wodi ya kweli, mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani, na kipimo kidogo cha kubana mguuni mwa mtoto kinachoonyesha kama hewa imemtosha. Watoto wakaanza kuishi. Waliozaliwa miezi mitatu kabla ya siku zao wakaanza kwenda nyumbani. Katika kikao cha asubuhi nilisoma idadi ya walioruhusiwa, na wakubwa wakapiga makofi. Makofi yale niliyapenda. Niseme ukweli, niliyapenda kupita kiasi.

Mwaka mmoja nilipelekwa semina Nairobi. Daktari wa macho, mwanamke mpole wa sauti ya chini, alitueleza jambo nililokuwa silijui. Mtoto anayezaliwa mapema sana, mishipa ya damu nyuma ya jicho lake bado haijakamilika. Akipewa oksijeni nyingi kupita kiasi, mishipa inaweza kuota ovyo, na mwishowe ikavuta pazia la nyuma ya jicho likabanduka. "Oksijeni ni dawa," alisema, "na dawa ina kipimo." Kila mtoto wa namna hiyo atazamwe macho na mtaalamu yapata wiki nne baada ya kuzaliwa. Tatizo likiwapo atibiwe kwa mwanga maalumu ndani ya siku chache. Si kila jicho litapona, lakini mengi yatapona. Wakati huo ukipita, mlango umefungwa.

Niliandika kila neno. Nikapewa cheti na rundo la fomu za kuwatuma watoto Nairobi, kwa kuwa huku hatukuwa na mtaalamu huyo. Fomu nikazitia kwenye droo.

Mama wa kwanza niliyempa fomu alikwenda, akarudi amekasirika. "Macho ni mazima," akaniambia. "Mmenisumbua na mtoto mchanga njia nzima bure." Familia ya pili ilinicheka, mtoto anatazama vizuri hivi, aende Nairobi kufanya nini? Baada ya hapo nikaanza kuchagua. Mke wa mwalimu nilimpa fomu. Mke wa karani nilimpa. Wa porini, wanaohama na mifugo, nikajiambia hawa hawataenda, nitawatia hofu tu. Mimi ni Msomali wa hapa hapa mjini, nyanya yangu alizaliwa kwenye herio, kibanda cha mikeka cha wahamaji, na bado niliwatazama watu wangu hivyo. Hakuna aliyeniagiza. Niliamua mwenyewe.

Saadia alikuja kutoka upande wa Balambala, akiwa na umri wa miaka kama ishirini. Uchungu ulimshika mimba ikiwa na miezi sita na siku kidogo. Mtoto alikuwa msichana, chini ya kilo moja. Mumewe, Hassan, mchunga ngamia mrefu aliyenuka moshi, alisimama mlangoni akamwuliza daktari wetu, kijana wa Kisii, kwa Kiswahili chake kisicho na p:

"Daktari, huyu mtoto atabona?"

"Tumwombe Mungu, mzee."

"Mungu mimi naomba. Wewe nauliza."

Daktari akaangalia chini. Nikajibu mimi kwa Kisomali kwamba tutajaribu.

Tulijaribu kweli. Hibo, ndilo jina walilompa, yaani zawadi, alisahau kupumua mara nyingi kwa siku, nasi tukimchezea nyayo akumbuke. Alikaa kwenye oksijeni wiki nyingi. Kipimo chetu cha mguuni kilikuwa kimoja kwa watoto sita, na wiki mbili kilikuwa kimeharibika. Kwa kutoona kiwango, niliipandisha hewa. Mtoto akigeuka rangi, naongeza. Akiwa mwekundu vizuri, naacha pale pale, sipunguzi, maana ukipunguza unaweza kumpoteza na makofi yakapungua. Kosa la kipimo nimejisamehe nusu. Kingekuwepo ningekitumia.

Saadia alimbeba kifuani mchana kutwa, ameketi wima kwenye kiti cha plastiki, joto la Garissa likimmiminika mgongoni. Hakulalamika. Alikuwa akiuliza. "Abaayo Rukia, mrija huu ni wa nini? Kwa nini namba hii inashuka?" Abaayo ni dada. Kati ya kina mama wote wa wodi, huyo ndiye aliyejifunza kusoma mizani kabla ya wanafunzi wa uuguzi.

Hibo alipofikisha wiki ya tano alikuwa anaendelea vizuri, ametoka kwenye oksijeni. Nilitoa fomu moja kwenye droo. Niliandika jina lake. Halafu nikamtazama Saadia, miguu yake yenye vumbi na kandambili zisizofanana, nikawaza mvua imekata barabara, Nairobi hajui mtu, Kiswahili hana. Nikaikunja fomu nikaitia mfukoni mwa gauni. Gauni lilifuliwa nayo.

Siku ya kuruhusiwa tulipiga picha. Saadia alikwisha kumfunga mtoto, akageuka mlangoni.

"Kuna kitu kingine, abaayo? Kitu chochote natakiwa kufanya?"

"Hapana," nikasema. "Mnyonyeshe, mpe joto. Nenda nyumbani kwa amani."

Katika kitabu nikaandika: ameruhusiwa. Kesho yake wakapiga makofi.

Walirudi Hibo akiwa na miezi kama saba. Nilikuwa natoka kuchukua dawa, nikawaona kwenye foleni ya nje. Saadia alikuwa anapitisha kitambaa chekundu mbele ya uso wa mtoto, polepole, huku na huku. Macho ya mtoto yalizunguka yenyewe, hayakukifuata kitambaa. Nilijua pale pale, kutoka hatua kumi. Niliingia stoo ya shuka nikafunga mlango, nikakaa humo nikihesabu mashuka ambayo hakuna aliyeniomba niyahesabu, mpaka nilipodhani wameondoka.

Saadia alikwenda Nairobi. Mwanamke niliyeamua hataweza alikwenda na kaka yake, bila Kiswahili, akilala kwa watu wa ukoo wasiomfahamu. Alikwenda mara tatu, kwa sababu kila daktari alipomwambia haiwezekani alitafuta mwingine. Aliporudi mara ya tatu alipita wodini kunisalimu.

"Waliniambia tumechelewa," akasema. "Daktari wa huko alinikaripia. Akauliza, hospitali yenu haikuwaambia mlete mtoto mapema? Nikamwambia usiwalaumu watu wa Garissa, wao waliokoa roho yake. Mambo ya macho hawayajui kule."

Cheti changu cha semina kilikuwa ukutani nyuma yake, kwenye fremu.

"Ni kweli," nikamjibu. "Hatukuyajua."

Uongo huo ndio unaoniamsha mpaka leo, kuliko hata fomu. Fomu ningeweza kusema nilikuwa na haraka. Hapa nilimtazama mama usoni, akiwa anatutetea, nikamwacha atutetee. Na tangu hapo, kila msimu wa mvua, gari la Balambala lilinishushia dumu la maziwa ya ngamia kutoka kwa Saadia, kwa dada aliyemwokoa Hibo. Nilikunywa. Nilimgawia hata jirani.

Jambo moja nililibadilisha. Kila mama alipata fomu, wa mjini na wa porini, na nikamsomea mwenyewe. Wengi walikwenda. Waliposhindwa kwenda ilikuwa wameshindwa wao, si mimi niliyewashindia. Wenzangu wakanisifu kwa bidii yangu. Sikuwaambia chanzo.

Miezi michache kabla ya kustaafu nilipanda gari kwenda Balambala. Nilimkuta Saadia nje ya nyumba yake akigeuza anjera, mkate wetu mwembamba, kwenye kikaango. Aliponitambua alinikumbatia, akawaita majirani waje wamwone sista wa Hibo. Hibo mwenyewe, miaka tisa, alikuwa ameketi kwenye mkeka akimkamua mbuzi. Alichelewa kutembea, mguu mmoja bado anauburuta, na shule ya pale ilimrudisha kwa kuwa hakuna mwalimu anayejua kumfundisha asiyeona. Kurani alikuwa anaihifadhi kwa kusikia. Vingine vyote alivijua kwa kuuliza, kama mama yake.

Niliwangoja majirani waondoke. Kisha nikasema. Sikupamba. Nilimwambia kuhusu semina, fomu, mfuko wa gauni.

Saadia aliacha anjera ikaungua.

"Siku ile nilipokuuliza kama kuna kitu kingine," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na nilipokuja kutoka Nairobi?"

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini?"

"Niliona hutaweza kwenda."

Sauti yake ilishuka, na ningependa zaidi kama angepiga kelele. "Wewe uliniona nimekaa kwenye kile kiti wiki ngapi? Ukaona mtu wa kushindwa kwenda Nairobi? Wallahi ningeambiwa, ningekwenda kwa miguu." Akauondoa mkate ulioungua, akautupia kuku. "Mwambie mwenyewe. Macho ni yake."

Nilimwendea Hibo nikakaa chini. Kumwambia mtoto ni kugumu zaidi, kwa sababu maneno makubwa ya hospitali hayakufichi. Nilimwambia kulikuwa na dawa ya macho yake alipokuwa mchanga, nilijua ilipo, sikumwambia mama yake. Aliendelea kukamua huku akisikiliza.

"Eeddo," akasema, yaani shangazi, na heshima yake haikupungua, "ni mimi peke yangu?"

Sikujua. Miaka yote nilisoma idadi ya walioruhusiwa kwa sauti kubwa, na sikujua hata mmoja alikuwa anaona au haoni.

"Sijui," nikamwambia.

"Basi tafuta."

Maziwa hayakuja tena, na ni haki.

Nilitumia miezi yangu ya mwisho kazini na vitabu vya zamani vya wodi, kwa ruhusa ya mkuu wa hospitali. Nilimweleza yeye pia. Akaniambia niandike taarifa rasmi, nikaandika. Nilitafuta namba za watoto wote wa miaka ile ya fomu za kuchagua. Simu nyingi zilikuwa zimekufa. Familia nyingine zimehama. Niliowapata, wengi walikuwa wazima: mmoja anacheza mpira mpaka wazazi wanamfichia viatu, mmoja hasikii vizuri sikio moja, mmoja mwalimu wake anasema hatulii hata akifungwa kamba. Wawili hawakuwa wakiona. Wa kwanza anaishi hapa mjini, na mama yake aliposikia nilichokuja kusema alinifungia mlango. Sikubisha hodi tena. Wa pili ni msichana anayeitwa Fatuma, wa Elwak. Mama yake alikuwa amekuja kwa ndugu zake Garissa mimba ilipomsumbua, akajifungulia kwetu. Huyo nilizungumza naye kwa simu.

Na hapa niandike kama ilivyokuwa. Mama yake Fatuma alifurahi mno kusikia hospitali inamkumbuka. Aliniombea dua. Nikauliza afya ya mtoto, nikaandika, nikashukuru. Nilikuwa nimekwisha kusema mbele ya Saadia, mbele ya Hibo, mbele ya mkuu, mbele ya mlango uliofungwa, na bado mbele ya dua ile ulimi ulikataa. Nikajiambia nitampigia tena.

Wiki ya pili baada ya kustaafu nilirudi Balambala na jibu la Hibo. Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Saadia alinipa chai kwa kuwa mgeni hanyimwi chai, hakukaa nami.

"Si peke yako," nikamwambia Hibo. "Niliowapata, pamoja na wewe, mko watatu. Kuna wengine sijawapata."

"Wa umri wangu?"

"Yupo mmoja msichana, Elwak. Anaitwa Fatuma."

"Una namba yake?"

Nilimtazama Saadia. Alichukua vyombo akaenda jikoni. Nikapiga, mama yake Fatuma akapokea, akaniombea dua tena, akamwita binti yake. Hibo akachukua simu kwa mikono miwili.

Walianza kwa kusalimiana kama wazee: mifugo, mvua, watu wa nyumbani. Kisha wakawa watoto. Sauti ya Fatuma ilitoka kwa nguvu kwenye simu ile, yenye kicheko kingi. Waliulizana kama wanakwea miti. Fatuma anakwea. Waliulizana kama watu huwashika mkono bila kuwauliza na kuwavuta kama mbuzi. Wote wawili walicheka sana hapo. Hata Saadia, akiwa jikoni, aliacha kuosha vyombo akasikiliza.

Halafu Fatuma akauliza, "Na wewe walikuambia ni kudra ya Mungu tu?"

"Walikuwa wanasema hivyo," Hibo akajibu. "Sasa kuna sista anasema kulikuwa na dawa, alijua, akanyamaza."

"Sista gani?"

"Wa Garissa. Huyu huyu aliyepiga."

"Yuko hapo?"

"Yuko. Amekaa karibu nami, hasemi kitu."

"Mpe simu," Fatuma akasema. "Na mimi niiweke sauti kubwa, mama asikie."

Hibo akanyoosha mkono wenye simu kuelekea nilipokuwa nikipumua. Hakukosea hata kidogo. Niliipokea, nikasema salaam aleikum, nikataja jina langu kamili, nikaanza na semina.